Duale: Sauti Kubwa ya Garissa Ilimtetea Nani?

Kama hujawahi kuingia Garissa kwa basi, wacha nikupe picha. Umetoka Nairobi gizani, umepita Thika, umepita Mwingi, jua limeanza kuuma kweli kweli. Halafu karibu na daraja la Mto Tana basi linasimama. Wote chini, vitambulisho mkononi. Unapanga foleni, afisa anaangalia kadi, anakuangalia wewe, anaangalia kadi tena. Ukiwa na jina kama langu na sura kama yangu, unajua macho yatakaa kwako kuliko kwa jirani yako wa kiti.

Nimevuka daraja hilo tangu nikiwa mtoto. Na kwa miaka saba ya utoto na ujana wangu, kuanzia 2013 hadi 2020, mbunge wa mji ulio ng'ambo ya daraja hilo ndiye aliyeongoza shughuli za serikali katika Bunge la Kitaifa. Jina lake unalijua hata kama hujawahi kufika huku: Aden Bare Duale.

Nenda kibanda chochote cha chai Garissa, agiza shaah ya maziwa ya ngamia, halafu taja jina hilo. Kabla kikombe hakijapoa utakuwa umepata kambi mbili. Wa kwanza atakwambia, "Abti, yule ametutoa kwenye giza, amefanya mtoto wa Garissa aogopwe Nairobi." Wa pili atacheka, aseme, "Aogopwe na nani? Sisi bado tunashuka basini pale darajani."

Mimi nimesikiliza ubishi huu hadi nikachoka. Sina digrii, chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponilemea, kwa hivyo usinichukulie kama profesa wa siasa. Lakini kusoma najua, na kumbukumbu za Bunge ziko wazi kwa kila mtu. Nimeamua kuuliza swali moja tu: ile sauti kubwa, Duale aliitumia kumtetea nani?

VYAMA VINNE, MTU MMOJA

Tuanze mwanzo. Duale alizaliwa Garissa mwaka 1969, akasomea ualimu Chuo Kikuu cha Moi. Aliingia bungeni baada ya uchaguzi wa 2007 kwa tiketi ya ODM, eneobunge likiitwa Dujis wakati huo. Serikali ya nusu mkate ilipoundwa 2008, akawa naibu waziri wa ustawi wa mifugo. Kwa mtu wa kwetu hicho si cheo cha mchezo, si unajua soko letu la mifugo na jinsi maisha ya watu yanavyotembea kwa miguu minne.

Mwaka 2013 eneobunge lilikuwa limebadilishwa jina na kuwa Garissa Township, naye amebadilisha chama. Alishinda na URP ya William Ruto. Mwaka 2017 akashinda na Jubilee. Mwaka 2022 akashinda na UDA. Hesabu vizuri: chaguzi nne, vyama vinne, ushindi mara nne. Wako wanaoita huo usaliti. Wako wanaosema huku kwetu watu huangalia mtu, ukoo na makubaliano ya wazee, chama ni kama leso ya bodaboda, unafunga ile iliyoko. Mimi nasema hivi: kuanzia URP hadi leo, hajawahi kumwacha Ruto. Hiyo ndiyo kamba inayounganisha kazi yake yote.

Sasa elewa kilichotokea 2013. Katiba mpya ya 2010 ilikuwa imewaondoa mawaziri bungeni. Zamani waziri alisimama mwenyewe, akatetea mswada wake, akajibu maswali. Sasa nani atabeba miswada ya serikali? Kiongozi wa Wengi. Na mtu wa kwanza kukalia kiti hicho katika Bunge la Kitaifa chini ya katiba hii akawa kijana wa Garissa. Kila mswada wa serikali ya Uhuru Kenyatta na Ruto ulipitia mikononi mwake. Kila Alhamisi yeye ndiye aliyesomea wabunge kazi ya wiki inayofuata.

Kwa jamii ambayo ilizaliwa ndani ya vita vya Shifta, ikaishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991, hii ilikuwa kitu kikubwa. Wazee walilia machozi ya furaha, na mimi siwacheki.

DAUDI, SULEIMANI NA MKE WA PILI

Machi 2014 ndipo Kenya nzima ilipojua huyu ni mhafidhina wa aina gani. Bunge lilikuwa linajadili Mswada wa Ndoa. Rasimu ilitaka mume anayetaka kuongeza mke kwenye ndoa ya kimila amshirikishe kwanza aliye nyumbani. Wabunge wanaume, Wakristo kwa Waislamu, wakaungana kukiondoa kipengele hicho. Duale akawaambia wenzake Wakristo wasome Agano la Kale, kwamba Mfalme Daudi na Mfalme Suleimani hawakuomba ruhusa ya mtu kabla ya kuoa mke wa pili.

Ukumbi ulicheka, lakini wabunge wanawake hawakucheka. Waliinuka, wakatoka nje. Mswada ukapita bila wao, na mwisho wa Aprili mwaka huo Rais akautia saini.

Wiki hiyo hiyo ya Machi haijapoa, likaja suala la mashoga. Kundi la wabunge lilitaka sheria itekelezwe kwa nguvu zaidi. Duale alipojibu kwa niaba ya serikali alisema jambo hilo ni zito sawa na ugaidi. Maneno hayo yalizunguka dunia nzima. Ukiyasoma hadi mwisho, hata hivyo, unakuta alisema pia kwamba sheria zilizopo zinatosha. Hakuleta mswada mpya.

Shika hiyo kichwani, maana ni tabia utakayoiona tena. Kuna Duale wa kipaza sauti na kuna Duale wa ratiba ya Bunge. Wa kipaza sauti huwasha moto. Wa ratiba hufanya hesabu, na hesabu yake huwa ni ya serikali. Vyombo vya habari vilimpenda wa kwanza. Sisi tulipaswa kumchunguza wa pili.

SHERIA ZA USALAMA, HALAFU ALFAJIRI ILE

Mwisho wa 2014 nchi ilikuwa na uchungu. Novemba, al-Shabaab walisimamisha basi Mandera na kuua abiria 28. Siku kumi baadaye wakaua wachimba mawe 36 huko huko Mandera. Serikali ikajibu na mswada mnene wa usalama, na Duale ndiye aliyekuwa mbele bungeni. Tarehe 18 Desemba ukumbi uligeuka uwanja wa ngumi, karatasi zikachanwa, Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji. Mswada ukapita.

Ndani yake kulikuwa na kipengele kilichogusa Garissa moja kwa moja: wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Wakati huo Dadaab peke yake, iliyo ndani ya kaunti yetu, ilikuwa na zaidi ya idadi hiyo mara mbili. Watu wangeenda wapi? Hakuna aliyejibu. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vipengele vinane vya sheria hiyo, hicho cha wakimbizi kikiwemo.

Halafu ikaja tarehe 2 Aprili 2015.

Sitakueleza sana kuhusu alfajiri hiyo. Kila mtu wa Garissa ana yake. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliotoka mbali kuja kusoma kwetu. Walikuwa rika la kaka na dada zetu wakubwa. Kwa muda mrefu baadaye, kijana wa Kisomali akisema Nairobi kwamba ametoka Garissa, mazungumzo yalikuwa yanakatika.

Duale alikuwa mbunge wa eneo lenyewe. Siku chache baadaye viongozi wa Kaskazini Mashariki, yeye akiwa mstari wa mbele, walitaka kambi za Dadaab zifungwe na wakimbizi warudishwe Somalia. Naelewa hasira ya siku zile. Lakini wengi wa watu wa Dadaab walikimbia bunduki zile zile, na watoto waliozaliwa Ifo na Hagadera tangu 1991 hawakujua nchi nyingine. Mwaka 2017 Jaji John Mativo aliamua kwamba kuifunga kambi hiyo ni kinyume cha katiba.

Niwe mkweli pia kwa upande wa pili. Chuo hakikufa. Kilifunguliwa tena Januari 2016, na 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo mji una wanafunzi wengi. Viongozi wetu walipigania hilo, na wanastahili shukrani.

MSWADA ULIOBEBA JINA LAKE

Hapa ndipo wengi husahau. Yule yule wa Daudi na Suleimani ndiye aliyebeba bungeni mswada wa kuhakikisha jinsia moja haizidi theluthi mbili ya viti. Watu waliuita kabisa "Mswada wa Duale". Kubadilisha katiba kulihitaji kura 233 kati ya wabunge 349. Aprili 2016 zikapatikana 195. Wakarudia Mei, zikapungua. Februari 2019 akajaribu tena, na siku hiyo ukumbini kulikuwa na wabunge 174 tu. Ukafa hapo.

Je, aliuamini? Mimi siwezi kuingia moyoni mwa mtu. Ninachojua ni kwamba Kiongozi wa Wengi aliyekuwa akikusanya watu wake wapitishe sheria za usalama katikati ya ngumi, hakuweza kuwakusanya waketi tu kwa ajili ya wanawake. Hilo si kosa lake peke yake, maana hakuna chama kilichokuwa na haraka. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa sababu ya jambo hili hili, na hakuna kilichotokea.

Wakati Nairobi ikipiga chenga, Ijara, hapa hapa Kaunti ya Garissa, ilimchagua Sophia Abdi Noor mwaka 2017. Akawa mwanamke wa kwanza kutoka Kaskazini Mashariki kushinda kiti cha eneobunge. Kwa hivyo mtu asikwambie watu wetu hawawezi. Wanaweza, wakiachwa wachague.

RIPOTI ILIYOLALA

Sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Muulize mzee yeyote wa Garissa kuhusu Bulla Kartasi. Usimuulize harakaharaka. Ni Novemba 1980. Maafisa wa serikali walikuwa wameuawa mjini, na vikosi vya usalama vikaamua mji wote ulipe. Mtaa ukachomwa. Watu wakakusanywa uwanjani kwenye Shule ya Msingi ya Garissa, wakawekwa pale siku kadhaa juani bila chakula wala maji. Miaka mitatu na ushei baadaye, Februari 1984, ikawa zamu ya Wajir, uwanja wa ndege wa Wagalla.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilizunguka huku, ikasikiliza wajane na walionusurika, ikaandika. Ripoti yake ilikabidhiwa Rais Mei 2013, ikapelekwa bungeni mwaka huo huo. Hadi leo Bunge halijaipitisha. Fidia iliyopendekezwa haijawafikia wenyewe, na wazee wanazidi kutuacha mmoja mmoja.

Angalia miaka. Ripoti ilifika bungeni 2013. Duale alishika usukani wa shughuli za serikali bungeni kuanzia 2013 hadi 2020. Ndiyo, ripoti ilitaja watu wakubwa, na mkubwa wake asingefurahi. Ndiyo, ratiba ya Bunge haipangwi na mtu mmoja. Lakini kama kuna mtu mmoja katika historia ya nchi hii aliyekuwa na kiti, sauti na sababu ya kusema "leo tunajadili Bulla Kartasi", alikuwa yeye. Aliweza kuisimamisha nchi kwa maneno kuhusu mke wa pili, lakini kwa hili ripoti ililala, na angali hai.

WALIMU WALIPOONDOKA

Januari 2020 al-Shabaab waliua walimu watatu Kamuthe, Garissa. Tume ya Kuajiri Walimu ikaondoa walimu wasio wenyeji kutoka kaunti za Kaskazini Mashariki. Nilikuwa sekondari. Wiki moja tulikuwa na mwalimu wa fizikia, wiki iliyofuata tulikuwa na ubao. Sitaitaja shule, na mwalimu yule simlaumu hata kidogo. Nani angekaa? Lakini ukitaka kujua kwa nini wengi wa rika langu tuliingia chuo tukiyumba na kutoka tukianguka, anzia hapo.

Duale na viongozi wenzake walipiga kelele sana dhidi ya hatua ya tume, na safari hii kelele zilikuwa zetu. Ila ndipo tulipogundua kitu: sauti iliyokuwa na nguvu ya ajabu ikiisemea serikali, ilikuwa ya kawaida tu ilipoisemea Garissa. Walimu hawakurudi. Shule zikaanza kuziba mapengo na vijana waliomaliza kidato cha nne jana.

Miezi mitano baadaye naye akaonja. Uhuru na Ruto walikuwa wameshakosana, na tarehe 22 Juni 2020 wabunge wa Jubilee wakamng'oa, wakamweka Amos Kimunya. Akaondoka bila fujo, akamfuata Ruto upande wa pili, na 2022 akatoa kitabu cha maisha yake ya siasa. Uaminifu wake haukupotea bure. Ruto aliposhinda, Duale akawa Waziri wa Ulinzi, akaacha kiti cha ubunge, na Januari 2023 Dekow Barrow wa UDA akakirithi.

JUNI 2024

Hii wewe msomaji huhitaji nikukumbushe, pengine ulikuwa barabarani. Jumanne, 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha, vijana wakaingia Bunge, risasi zikalia. Jioni hiyo ilani ilitoka katika gazeti rasmi la serikali ikisema wanajeshi wanatumwa kusaidia polisi. Sahihi ilikuwa ya Waziri wa Ulinzi, Aden Duale. Bunge likaidhinisha kesho yake. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na mahakama ikaruhusu jeshi libaki lakini ikaiamuru serikali iseme wazi wanajeshi watafanya nini na kwa muda gani.

Nilisoma ilani ile kwenye simu nikawaza wazee wangu. Kwao, neno "wanajeshi mjini" halitoki kwenye televisheni. Lina harufu ya Bulla Kartasi. Na sasa anayelitia sahihi ni mtoto wa mji ule ule.

Julai Rais alivunja baraza la mawaziri. Agosti Duale akarudi kama Waziri wa Mazingira. Machi 2025 akahamishiwa Afya, ambako amekuwa akipambana na bima mpya ya SHA na hospitali zinazodaiwa kuichezea. Utamwona kila wiki kwenye habari, sauti ni ile ile.

TUMSOMEJE, BASI?

Usinielewe vibaya. Simchukii. Ningekuwa mwongo nikisema hakunifungulia macho. Nilipokuwa mdogo nilimwona kwenye runinga akiwanyamazisha watu wakubwa, na nikaamini mtoto wa huku anaweza kuketi popote. Februari 2025, Rais alipotia saini Wajir agizo la kuondoa msasa wa ziada wa vitambulisho kwa jamii zetu, Duale alikuwa ndani ya baraza la mawaziri. Msasa huo umetusumbua tangu enzi za Moi. Kuwa na mtu mezani kuna faida, asiyekubali hilo anajidanganya.

Lakini kukaa mezani si sawa na kutusemea. Kwa miaka yote hii tumepima viongozi wetu kwa kelele: nani amemjibu nani, nani ameogopwa, video ya nani imesambaa. Tukapiga makofi kwa maneno ya mke wa pili na kusahau kuuliza ripoti iko wapi, walimu wako wapi, kambi ikifungwa watoto wataenda wapi.

2027 iko mlangoni. Watakuja kwetu na magari makubwa, wataketi na wazee, watatuita "vijana wetu". Mheshimiwa akimaliza kuongea, chukua simu yako, fungua Hansadi kwenye tovuti ya Bunge, andika jina lake. Angalia alileta mswada gani, aliuliza swali gani, alikuwa wapi siku ya kura. Ni bure, na huhitaji digrii. Mimi ni shahidi.

Na kama hujachukua kura, nenda ukajiandikishe. Kitambulisho unacho, kila siku unakitoa pale darajani.